Marehemu Mke Wangu Amefaulu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, haya yanakutosha. Mke wangu nimemzika, sasa ni mwezi wa saba. Aliyemuua namjua, ana ofisi na ana kiyoyozi. Na Jumatatu, simu ya marehemu, ambayo huwa naichaji ili nitazame picha zake, ilipokea ujumbe kutoka chuoni: Hongera. Umekamilisha mahitaji yote ya shahada. Fika Alhamisi asubuhi kusomewa masomo na kuchukua joho.

Nilikuwa na misumari mdomoni. Sisi mafundi makochi misumari midogo tunaibana kwa midomo, mkono mmoja ukivuta kitambaa, wa pili ukipiga nyundo. Niliposoma yale maneno nusura niimeze yote.

Maiti anafaulu vipi?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wengine mmeniandikia kwamba hasira zangu hazina kichwa wala miguu. Zina vyote viwili.

Mke wangu alifundisha watoto wadogo, wale wa kuimba herufi na kujikojolea. Alifundisha miaka mingi, na wazazi walimpenda. Siku moja wakubwa wakaamka na amri: asiye na shahada asishike chaki. Watoto wa miaka minne! Shahada ya nini kumpangusa mtoto kamasi? Lakini mkubwa akishasema kasema. Mke wangu akajiandikisha chuo cha jioni.

Pale chuoni kila mwanafunzi ana mstari wake kwenye simu. Mstari wa kijani. Ukifaulu somo unasogea, ukijaa umemaliza. Mke wangu alinionyesha tukiwa tunakula, nami niliupima kwa kidole kama ninavyopima kitambaa.

"Umebaki upana wa kidole kimoja, mama."

"Kidole chako au changu?"

"Changu."

"Basi bado sana. Vidole vyako kama mihogo."

Tulicheka. Nawaambia tulikuwa tunacheka nyumba hii.

Halafu akaja Mahitaji. Jina lake halisi mhariri kanikataza kuliandika, lakini wanafunzi wote walimwita hivyo, kwa sababu neno lake ni moja tu: "Hujatimiza mahitaji." Ndiye Mkuu wa Idara. Aliingia na mpango mpya wa masomo, na masomo mawili ambayo mke wangu alikwisha kuyafaulu, Takwimu likiwemo, yakawa hayahesabiki. Jioni ile mstari ulirudi nyuma.

Nimefanya kazi ya mikono tangu nilipoachia shule darasa la sita. Sijawahi kuona kochi nililolimaliza likirudi kuwa mbao.

Alipanda ngazi za ofisi yake kwenda kumwomba, akapanda tena, akapanda tena. Presha ikawa inapanda naye. Siku ya mwisho alishuka ngazi zile amebebwa kwenye machela. Daktari aliandika moyo. Mimi niliandika Mahitaji.

Baada ya matanga nilimwambia binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ambaye naye alikuwa ameshapata nafasi ya kusoma: "Chuo basi. Kimemla mama yako, wewe hakikuli." Alilia, akanyamaza, akatafuta kazi kwenye duka la dawa, zamu ya jioni. Hilo sijutii hata leo.

Sasa turudi kwenye ujumbe.

Nilikwenda mbio kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu, ambaye ni kinyozi. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, upande mmoja umenyolewa, upande wa pili msitu.

"Shemeji, soma hii."

Akasoma. Akazima mashine.

"Wamekosea," akasema. "Kompyuta hizo. Mimi mwaka juzi watu wa simu waliniandikia 'Hongera kwa kujifungua.'"

"Hawajakosea. Nimefungua mstari. Umejaa."

"Umejaa?"

"Hadi mwisho. Dada yako kafa haujajaa. Nani kausogeza?"

Mteja akageuza shingo. "Jamani, kichwa changu kiko nusu."

"Tulia wewe," shemeji akamwambia. "Kuna maiti hapa anasoma, wewe unalilia nywele."

Akanivuta kando, karibu na kioo.

"Sasa sikiliza. Kama dada kapata shahada yake, si kapata? Alivyoililia ile! Tuichukue, tuitundike ukutani, tulale. Nani kaumia?"

"Dada yako yuko chini ya udongo, unaniuliza nani kaumia? Wameiuza nafasi yake! Kuna hawara wa mkubwa fulani anavaa jina la mke wangu kama nguo ya mtumba."

"Huna hakika."

"Hakika nitaipata. Na Mahitaji nitamwona akishuka ngazi zile zile, tena na pingu."

Shemeji alinitazama kwenye kioo. Usoni hakunitazama.

"Shemeji yangu, moto mwingine usiupulize. Hujui upepo unaelekea wapi."

"Wewe nyoa," nikamwambia, nikaondoka.

Kwa binti yangu sikusema neno. Nilitaka siku Mahitaji atakapofungwa, asikie redioni akiwa anapanga vidonge vyake, ajue baba yake hakulala.

Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Msajili wa chuo. Ni mwanamama wa makamo, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, na sauti kavu kama biskuti. Nilimwekea mezani hati ya kifo na kitambulisho cha marehemu.

"Mzee, una hakika amefariki?"

"Mama, mimi ndiye niliyemfukia."

Akavaa miwani, akageukia kompyuta, akabofya, akabofya. Uso ukabadilika taratibu.

"Kafanya mitihani baada ya tarehe hii. Masomo yote yaliyokuwa yamebaki. Takwimu kapata A."

"A?" Nilishindwa kujizuia. "Mke wangu Takwimu alipata C, tena ya kupumulia mashine."

"Basi huyu mwizi wako ana kichwa."

"Kichwa cha mwizi kina mwenyewe. Muulize Mkuu wa Idara."

Akaniangalia juu ya miwani. Nilimwona. Mtu anayemchukia mtu unamjua, macho yake yanapata joto. Huyu mama naye alikuwa na lake na Mahitaji, na mimi sikumuuliza ni lipi. Mwenzio akikuletea nyundo huulizi kainunua wapi.

"Mkuu wa Idara huwa anawajua wanafunzi wake mmoja mmoja," akasema polepole. "Hawezi kusema hakujua. Lakini atasema. Labda tumkute akimsomea."

Kusomewa ni desturi ya chuo kile. Hakuna anayevaa joho kabla hajasomewa. Unaingia peke yako kwenye chumba cha idara, unasimama, Mkuu anakusomea somo moja baada ya jingine, nawe kila somo unajibu, "Nimepita." Likifika la mwisho anasimama, anakuvika joho kwa mkono wake. Inasemekana zamani waliwahi kumvika mtu ambaye hakumaliza, ikawa aibu, ndiyo maana. Mke wangu alisomewa mara moja, mstari ulipojaa, asubuhi ya siku ile uliporudi nyuma. Kwenye Takwimu Mahitaji akafunga faili, akasema, "Hili halihesabiki." Mke wangu alisema joho lilikuwa pale kwenye mkono wa kiti, karibu kiasi kwamba alilisikia linanuka dawa ya nondo.

"Nyuma ya chumba kile kuna stoo ya majoho," Msajili akasema. "Ukuta wake ni wa mbao. Alhamisi tutakaa humo, mimi na wewe na mlinzi. Akishamsomea hadi mwisho tunatoka, wewe unasema huyu si mke wangu, basi. Lakini nahitaji mlalamikaji. Mimi siwezi kumlalamikia mwenzangu kwa uvumi."

"Mlalamikaji si huyu hapa?"

"Unamlalamikia nani? Aliyesimama mahali pa mkeo, au aliyemsaidia?"

"Wote. Tena aliyesimama ndiye aanze."

"Nikiandika hivyo, ni polisi, mzee. Siyo onyo."

"Mama, mimi sikuja hapa kuomba onyo. Onyo ni la watoto. Mwandike aliyesimama na mwandike Mkuu, na kama kuna jela yenye kunguni waombee hiyo."

Nilitia saini nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Msajili akasema, "Imetosha, mzee, imetosha."

Usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba.

Alhamisi nilimkuta binti yangu anapiga pasi blauzi. Nyeupe, ya mama yake.

"Leo mapema?"

"Nimebadilishana zamu, baba."

"Na hiyo blauzi?"

"Zangu zimelowa zote." Akaipindua, akapiga mgongo. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Baba, hivi mama angemaliza, ungefurahi?"

"Ningefurahi Mahitaji angekufa kabla ya mama yako. Hiyo ndiyo furaha yangu."

"Nimekuuliza juu ya mama, baba."

"Na mimi nimekujibu."

Alichomoa pasi ukutani, akavaa, akaniaga kwa adabu kama kawaida yake. Mimi nikavaa koti langu la harusi. Ndiyo, koti la harusi. Mtu anayekwenda kumwona adui yake anafungwa asiende na ovaroli.

Stoo ya majoho ilikuwa finyu. Majoho meusi yananing'inia pande zote kama watu wasio na vichwa, na sisi watatu katikati: Msajili, mlinzi mnene mwenye rungu, na mimi. Mbao za ukuta zilikuwa zimeachana, sauti ilipita lakini jicho halikuona ila kipande cha meza na mkono wa Mahitaji. Mkono laini. Saa ya dhahabu. Nilikuwa nauangalia mkono ule kama paka anavyoangalia mkia wa panya.

Wa kwanza akaingia, akasomewa, akavikwa, akatoka analia kwa furaha. Wa pili hivyo hivyo. Mlinzi akanong'ona, "Mzee, mbona unatetemeka?"

"Natetemeka kwa njaa."

"Hukunywa chai?"

"Si njaa ya chai."

Kisha mlango wa kule ukafunguliwa tena, viatu vya mwanamke vikapiga sakafu, vikasimama. Mahitaji akasoma jina la mke wangu. Majina yote matatu, kwa sauti ile ile aliyomfukuzia.

Msajili akanibana mkono.

"Saikolojia ya Mtoto."

"Nimepita."

Wallahi nilidhani ni yeye. Ilikuwa sauti ya mke wangu, ile ya asubuhi, kabla hajachoka.

"Falsafa ya Elimu."

"Nimepita."

Nikashika joho moja nisianguke.

"Mbinu za Kufundisha Kusoma."

Akakohoa kidogo kabla ya kujibu. Kikohozi kifupi, kama cha mtu anayebisha hodi. Kikohozi kile nakisikia kila siku mlangoni kwangu, mtu akitoka zamu ya jioni.

"Nimepita," akasema binti yangu.

Wasomaji, mimi ni mtu wa kusema ukweli hata ukiniuma. Wazo langu la kwanza halikuwa juu ya mtoto. Wazo langu la kwanza lilikuwa: Mahitaji kanipokonya na huyu.

La pili ndilo lilikuwa saini yangu.

"Mama," nikamnong'oneza Msajili, "tuache. Tumbo limenishika."

"Bado mawili tu."

"Mama, nakuomba, tuache tutoke, tutakuja siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Hii ndiyo siku." Macho yake yalikuwa yameshika moto. Hakuwa ananiona mimi.

"Takwimu," Mahitaji akasoma ng'ambo.

"Nimepita."

Hapo nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu yule. Alicheka. Kicheko kidogo, cha mtu mwenye kujivunia. "Umepita kweli," akasema. "Mazoezi ya Kufundisha."

"Nimepita."

Kiti kikasukumwa. Joho likakung'utwa. Na Msajili akausukuma mlango wa stoo kwa bega.

Tuliingia kama tulivyopangwa: yeye mbele, mlinzi nyuma, mimi katikati kama mwizi. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya meza na blauzi ya mama yake, joho limefika bega moja, bega la pili bado. Kainamisha kichwa kidogo ili avikwe. Akaniona. Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alifumba macho tu, akayafumbua.

Mahitaji yeye alishtuka. Joho lilimponyoka likaanguka.

"Samahani, Mkuu wa Idara," Msajili akasema kwa upole wa kisu. "Kuna huyu mzee ametuletea malalamiko. Mzee, hebu mtazame huyu mwanamke. Huyu ni mkeo au si mkeo?"

Kiyoyozi tu ndicho kilichokuwa kinaongea.

Nilimtazama mwanangu.

"Ndiye," nikasema.

"Nini?"

"Ndiye mke wangu. Huyu hapa."

Mlinzi akakohoa. Msajili alivua miwani, akaivaa.

"Mzee! Si uliniletea hati ya kifo?"

"Nilidanganya, mama. Nisamehe. Hati ile ya kununua. Mke wangu huyu hapa mzima, amemaliza masomo yake, mvikeni joho lake tuende nyumbani."

Na ningeishia hapo, ndugu zangu, ningeishia hapo tu, leo nisingekuwa na la kuandika gazetini. Msajili alishaanza kufura kwa hasira, hasira zenyewe zilikuwa juu yangu mimi, siyo juu ya mwanangu. Angenifukuza, angenitukana, labda angenishtaki kwa kudanganya. Ningekubali. Binti angetoka pale na joho la mama yake.

Lakini nikamwona Mahitaji anashusha pumzi. Nikaona mabega yake yanateremka, anaokota joho taratibu, anajipangusa jasho kwa leso. Anaponea kwangu! Mtu aliyemteremsha mke wangu kwa machela anapona, na ninayemponya ni mimi, kwa mdomo wangu!

Hilo lilinishinda.

"Ila niwaambie sababu ya uongo wangu," nikasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Nilidanganya kwa uchungu. Mke wangu alinikimbia, mama. Alihamia kwa huyu bwana. Huyu Mkuu wenu ndiye aliyenichukulia mke! Shahada anampa kama mahari!"

"Baba," binti yangu akasema, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyemsikia, maana Mahitaji alikuwa ameshapiga meza.

"Mimi? Mimi na marehemu? Wewe mzee una wazimu! Nina mke na wajukuu mimi! Mkeo nimemheshimu hadi kaburini. Nilikuwepo mazishini, nilisimama nyuma ya watu wote, nilitupa udongo kwa mkono wangu huu! Leo unakuja kunivunjia..."

Akaacha.

Alikuwa bado ameuinua ule mkono. Akautazama kama si wake.

"Ulitupa udongo," Msajili akasema.

Akasogea hadi mezani.

"Mkuu wa Idara, ulitupa udongo kwenye kaburi la nani?"

Mahitaji akakaa. Alikaa kama kochi lililokatika mikanda, akazama.

Nilicheka, nami naungama hapa mbele yenu. Kicheko kilinitoka tumboni, nikapiga makofi mara mbili. Nilimpata! Nimemtafuta kwa vikao, kwa maombi, kwa kulia mbele ya makarani wa serikali, na mwisho nimempata kwa mdomo wake mwenyewe.

"Baba." Safari hii nilimsikia. Alikuwa analivua joho, analikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Ulikuwa umeshasema ndiye. Ilitosha."

Msajili akamgeukia. "Na wewe ni nani?"

"Mtoto wake. Mtoto wa wote wawili."

"Nani aliyekuleta humu? Huyu?" Akamnyooshea kidole Mahitaji.

"Sikuletwa." Alikuwa anaongea na Msajili lakini macho yalikuwa kwangu. "Nilikuja kurudisha vitabu vya mama. Karani wa mlangoni akaniambia, 'Mama, leo umechelewa, ingia haraka, wameshaanza.' Hawakujua kama amekufa, baba hakutaka kuwaambia. Nikaingia. Kiti chake kilikuwa wazi, nikakaa. Siku ya pili nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumbani nilikatazwa kusoma."

Ndugu msomaji, usinitazame hivyo. Nilimkataza kwa sababu ya nani? Chuo ni cha nani? Mstari ule aliurudisha nyuma nani?

"Na wewe ulijua," Msajili akamwambia Mahitaji.

"Nilijua siku ya kwanza." Sauti ilikuwa imepungua, lakini haikuwa na aibu. "Idara yangu ilikuwa inakaribia kufungwa, wewe unajua, wewe ndiye uliyekuwa unataka ifungwe. Wanaoanza wengi, wanaomaliza wachache. Kila anayemaliza nilimhitaji. Nikamwona huyu binti amekaa kwenye kile kiti. Nikanyamaza." Akamtazama mwanangu. "Halafu akawa anajibu maswali. Nikaanza kumpa vitabu. Hilo halikuwa la idara."

"Muongo!" nikafoka. "Unamvisha mwanangu ili ujifiche wewe!"

"Baba, mwache. Kanifundisha."

Kanifundisha! Maneno yale yaliniingia kama msumari chini ya ukucha. Afadhali angenipiga kofi.

Msajili akavuta kiti, akakaa ng'ambo ya meza ya Mahitaji, mahali ambapo wanafunzi husimama. Mlinzi akaegemea mlango. Hakuna aliyemwambia aegemee, lakini aliegemea.

"Sasa, mzee. Shahada hii imekufa, hiyo hatubishani. Aliyesoma hakuandikishwa, na aliyeandikishwa hayupo. Leo leo naifuta." Aliniangalia, na sasa ndipo aliponiona. "Kilichobaki ni lalamiko lako. Umemwandika aliyesimama na aliyemsaidia. Liko kwangu, saa hii hii naweza kulipeleka polisi."

"Lipeleke la huyu bwana. La mtoto lifute."

"Haligawanyiki. Ni shauri moja. Hakuna aliyesaidia kama hakuna aliyesimama."

"Basi andika upya!"

"Niandike nini? Kwamba alimsaidia nani? Jini?" Akatikisa kichwa. "Ukilifuta, haya niliyoyasikia hapa ni maneno ya chumbani. Atayakana, nami sina shahidi ila mlinzi na mtu aliyesema uongo mara mbili kwa pumzi moja. Binti yako atakwenda nyumbani. Na Mkuu wa Idara kesho asubuhi atakuwa kwenye kiti hicho hicho, anawasomea wengine. Ukiliacha, wanakwenda wote wawili."

"Wote wawili wapi?"

"Unakujua, mzee. Si ulinitajia na kunguni?"

Mlinzi akainama akatazama viatu vyake.

Mahitaji alikuwa ametoa miwani yake anaifuta kwa ncha ya tai. Anaifuta taratibu, kioo kimoja, halafu cha pili. Nilijua alichokuwa anafikiri. Alikuwa ameshapona tena. Alikuwa anajua baba yeyote duniani atajibu nini, na alikuwa anasubiri tu nijibu ili apate kuagiza chai.

"Nipe dakika moja niongee na mwanangu," nikasema.

"Ongea hapa hapa."

Nikamgeukia. Alikuwa amelikumbatia joho lililokunjwa, kidevu chake kimelikandamiza. Anafanana na mama yake, Mungu wangu, sikuwahi kumwona jinsi anavyofanana naye hadi siku ile.

"Mwanangu, niambie. Nifanye nini?"

Akalitua joho mezani, akalinyoosha kola.

"Usinitazame mimi, baba," akasema. "Mtazame yeye, kama ulivyozoea."

Nami, ndugu zangu, nikamtazama yeye.

Alikuwa amemaliza kufuta miwani. Akaivaa, akanitabasamia.

"Mzee?" Msajili akaniita. "Nasubiri."